Asidi Isiyouma Mara Moja

Nilianza kuiogopa ile asidi kabla sijaiona kwa macho. Nilikuwa ng'ambo kwa masomo, na siku ya mafunzo ya usalama mwalimu wetu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole, alituinulia mkono wake wa kushoto. Kidole cha mwisho kiliishia kwenye kiungo cha kati. Hakusema mengi juu ya kidole hicho. Alisema tu kwamba asidi nyingine ikikugusa unajua papo hapo, unakimbilia maji, unabaki na kovu. Hii, inayoitwa hidrofloriki, ikiwa imezimuliwa kwa maji haikwambii kitu. Inapenya ngozi kimya, inashuka kwenye nyama, inakwenda kuitafuta kalsiamu mpaka ndani ya mfupa. Ukianza kusikia maumivu, yenyewe imeshafika zamani. Na ikiingia nyingi, ikaimaliza kalsiamu iliyo kwenye damu, moyo husimama.

Kisha akatugawia karatasi tutie sahihi kwamba tumeelewa. Nilitia. Usiku ule, kitandani, nilikuwa nikijibonyeza ncha za vidole moja moja, na sikuwa nimegusa chochote.

Miaka ilipita, nikarudi Mombasa, na asidi hiyo nikarudi kuikuta kwenye kazi yangu mwenyewe. Maabara yetu ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la zamani kwenye njia ya kuelekea Kilindini, chumba ambacho zamani kilikuwa ofisi ya mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Kila siku tulikuwa wawili humo. Mmoja mimi, na wa pili bwana mmoja aliyenizidi miaka kama ishirini, aliyekuwa akitengeneza vipimo vya umeme bandarini kabla ya kuja kwetu. Mimi nikimwita fundi. Yeye akiniita daktari kwa utani, hata mbele ya wageni, mpaka wengine wakaanza kunieleza magonjwa yao.

Kazi yenyewe ilikuwa ni kutoboa matundu. Nilipowaeleza nyumbani, mamangu alishangaa.

"Miaka yote ile ughaibuni," akasema, "walikuwa wakikufundisha kutoboa tundu?"

Babangu hakucheka. Yeye ni sonara, duka lake liko chini ya nyumba yetu pale Mji wa Kale, na maisha yake yote ametoboa vitu vidogo. Aliuliza, "Watoboa kwa kitu gani? Kwa sindano gani?"

"Kwa maji, baba."

Nikamchorea kwenye karatasi yake ya kufungia vikuku. Tunachukua kigae cha silikoni, kidogo kama ukucha wa mtoto, kimepakwa utando mgumu pande zote. Kwenye utando tunafungua kidirisha cha mraba. Kisha kigae tunakitia kwenye maji makali ya potasi yaliyopashwa moto. Maji hayo hayali ule utando, lakini silikoni huila, na huila kwa mshazari, kwa sababu chembe za silikoni zimejipanga hivyo. Shimo linaanza pana juu na kwenda likisinyaa, kama piramidi iliyopinduliwa, mpaka ncha yake inapotokea upande wa pili. Ukisimamisha kazi hapo hapo, ncha inapochungulia tu, unapata tundu dogo kupita kijidudu chochote, dogo kiasi cha uzi mmoja wa vinasaba kupita humo kama uzi kwenye tundu la sindano. Ukichelewa kidogo, umepata shimo la kawaida, na kazi ya wiki imekwenda bure.

"Na ncha ikichungulia utajuaje, nawe huioni?"

Hilo ndilo swali lililonifanya nimpende babangu zaidi siku ile. Nikamwambia kwamba upande wa pili wa kigae tunaweka maji ya chumvi, na waya mmoja huku, waya mmoja huku. Tundu likiwa bado halijafunguka, umeme haupiti. Linapofunguka, mita inaruka. Mita hiyo fundi ameiunda mwenyewe. Tundu hilo likishapatikana tutalitumia kwa njia ile ile: tunapitisha maji ya chumvi yenye vinasaba, na kila uzi unapopita unauziba umeme kwa nukta moja, na mita inaonyesha ni kitu cha urefu gani kimepita. Nia yetu ilikuwa siku moja tuweze kujua vijidudu vilivyomo kwenye maji ya visima bila kusubiri siku nyingi.

Asidi ile sikumchorea. Ilikuwa na kazi ndogo tu. Kabla ya kigae kuingia kwenye potasi, huwa kimeota ukoko mwembamba kutokana na hewa, na ukoko huo ukibaki, potasi inashindwa kuanza sawasawa. Basi unakichovya kwanza kwenye asidi, muda wa kuhesabu mpaka thelathini, unakisuuza. Hayo tu. Lakini kila niliposhika ile chupa ya plastiki, kwa sababu kioo asidi hiyo inakila, nilikuwa nikisoma Bismillahi kwa sauti, na fundi aliyekuwa meza ya pili alikuwa akiacha kila anachofanya mpaka niseme nimemaliza.

Glavu nilikuwa nikizijaza pumzi kabla ya kuvaa, kama kibofu, nizitazame kama zinavuja. Kila siku, isipokuwa Alhamisi moja.

Siku ile mdogo wangu alikuwa aolewe kesho yake. Tangu asubuhi simu ya mamangu ilikuwa imelia mara tatu, kwamba manda za sambusa zimeshaletwa, kwamba shangazi zangu wamefika wote, kwamba mimi peke yangu ndiye sipo na watu wanauliza. Nikamwambia fundi nitachovya vigae vinne vilivyosalia, kisha niende. Nilivaa glavu haraka haraka. Nilichovya, nilisuuza, nilivua. Nilinawa mikono kwa sabuni kama kawaida. Sikusikia chochote, si mwasho, si ubaridi. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshafika nyumbani.

Tulikaa ukumbi wa juu, wanawake kama kumi, tumezunguka masinia. Kazi yangu ilikuwa kufunga sambusa. Unakunja manda iwe kama kifuko, unatia nyama, unapaka ujiuji wa unga kwa kidole, unafunga. Nilikuwa nikitumia kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Watu walikuwa wakicheka, mdogo wangu amewekwa chumbani na mikono yake ya hina, hata kunywa maji ananyweshwa. Baada ya swala ya alasiri nilianza kusikia ncha ya kidole inanidunda.

Nilidhani pilipili. Nyama ilikuwa na pilipili mbichi nyingi, na mimi nina kucha fupi. Nikanyanyuka, nikaosha kwa maji, nikarudi. Kidole kikazidi. Shangazi mkubwa akaniona nikikipuliza.

"Tia kwenye samli," akasema. "Pilipili haitoki kwa maji."

Nikatia kwenye samli. Maumivu yalikuwa yamehama kutoka kwenye ngozi. Yalikuwa chini ya ukucha, kisha chini zaidi, mahali ambapo sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kusikia kitu, kama kwamba mfupa wenyewe unashikwa na koleo na kugeuzwa polepole. Nikakitazama kidole kwenye mwanga wa dirisha. Hakikuwa chekundu wala hakikuvimba. Ncha yake ilikuwa imepauka, rangi ya nta.

Hapo nikajua.

Sina haja ya kujifanya nilikuwa jasiri. Nilirudi nikakaa pale pale mkekani. Kitu cha kwanza nilichowaza hakikuwa kidole. Niliwaza moyo. Nikaweka mkono wa kushoto kifuani chini ya mtandio, nikawa nahesabu, na kila pigo nikilisikiliza kama litafuatwa na jingine. Kitu cha pili nilichowaza kilikuwa yale masinia. Kidole kile kile nilikuwa nimekichovya kwenye ujiuji wa unga, nikapaka sambusa moja baada ya nyingine kwa saa tatu. Akili yangu ya kazini iliniambia kwamba nilinawa kwa sabuni, kwamba kilichoingia kilishaingia kidoleni na hakitoki kwenda kwenye unga. Lakini akili hiyo ilikuwa mbali sana wakati ule. Niliona watoto wa ndugu zangu wakila sambusa za harusi.

"Zile nilizofunga mimi msizikaange," nikasema.

Mamangu akaniuliza, "Kwa nini?"

"Msizikaange, mama. Zitupwe. Na ule ujiuji umwagwe."

"Sinia tatu?" shangazi akauliza.

Mamangu akanitazama uso, akanyanyuka, akalichukua sinia la kwanza, akateremka nalo jikoni. Nilimsikia akilimimina kwenye ndoo ya taka. Alirudi mara mbili akayachukua na mengine. Mpaka leo hajawahi kuniuliza kama ilikuwa lazima.

Nilimpigia fundi simu. Alikuwa ameshafika kwake Tudor. Nilimwambia maneno mawili tu, "Fundi, kidole," na akaelewa.

"Tangu saa ngapi?"

"Kuumwa, saa moja sasa. Kuingia, tangu asubuhi."

"Weka chini ya maji ya mfereji na usiondoe. Naifuata jeli."

Jeli hiyo ya kalsiamu tulikuwa tukiiweka maabara, tyubu mbili ndani ya sanduku jekundu ukutani. Inafanya jambo moja, kuipa ile asidi kalsiamu nyingine ya kula iuachilie mwili. Kutoka Tudor mpaka maabara, kutoka maabara mpaka Mji wa Kale, saa za jioni, magari yote yakitoka bandarini. Nilikaa jikoni mkono chini ya mfereji nikisubiri. Babangu alipanda kutoka dukani. Mtu alikuwa amemwambia.

"Umeshika nini?"

"Asidi, baba."

"Ya dhahabu?" Kwake yeye asidi ni ile ya kupimia dhahabu, inayotoa moshi wa manjano.

"Hapana. Hii haina moshi."

Akakishika kidole changu akakigeuza kwenye mwanga kama anavyogeuza pete, akitafuta kidonda. Hakukuwa na kidonda. Nilimwona anakunja uso, na nikajua kwamba hata yeye, na mikono yake yenye makovu ya miaka arubaini, haelewi anachokitazama. Hilo lilinitisha kuliko maumivu. Tangu utotoni nilikuwa nimezoea kwamba kila kilichounguza mtu nyumbani kwetu, babangu alikuwa akikijua.

Fundi aliingia akihema, jasho limelowesha shati. Tyubu zilikuwa mkononi, na kwapani alikuwa na karatasi kubwa iliyotiwa plastiki, ile ya maelekezo ya ajali, ambayo ilikuwa imebandikwa juu ya sinki la maabara. Aliing'oa ukutani pamoja na rangi. Hakunisalimia. Alivaa glavu, akaanza kunisugua kidole kwa jeli, anasugua na kukamua, kisha akanivika glavu nyingine iliyojaa jeli nikae nayo.

"Ile glavu ya asubuhi umeiweka wapi?" akauliza.

"Kwenye pipa la taka za asidi."

"Nimeipitia. Nimeitia maji. Yavuja kwenye ncha ya kidole, tundu la kama pini." Aliendelea kusugua. "Hukuipuliza."

"Sikuipuliza."

Babangu alikuwa amesimama mlangoni, alisikia yote.

Robo saa ikapita, na robo nyingine. Karatasi ilisema maumivu yasipopungua baada ya nusu saa, hospitali. Hayakupungua. Tuliteremka, babangu mbele akifungua njia kati ya wanawake kwenye ngazi, mimi nimeinua mkono kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Kwa kuwa vichochoro vyetu havipitishi gari, tulitembea mpaka barabarani, na njia nzima watu walikuwa wakinipa hongera za mdogo wangu, nami nikizijibu.

Hospitalini tulipokewa na daktari kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikitazama kidole.

"Dada, sioni jeraha hapa. Ulijigonga?"

Nikamweleza. Aliniacha nimalize. Nilikuwa nimejitayarisha kubishana, nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, kwa sababu nilijua kwamba mtu mwenye kidole kizima asemaye anaogopa kufa hufanana na mwenda wazimu. Fundi akamnyooshea ile karatasi yenye vipande vya rangi ya ukuta. Daktari akaisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma tena.

"Sitakudanganya," akasema. "Mgonjwa wa kitu hiki sijawahi kumwona. Nipeni dakika tano nimpigie mwalimu wangu."

Dakika hizo tano ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Muuguzi alinibandika waya kifuani, mashine ikaanza kuchora mistari ya moyo wangu. Kazi yangu ni kutazama mstari kama ule siku nzima, nikisubiri uruke. Sasa nilikuwa nauomba usifanye chochote kipya. Damu ikatolewa kupimwa kalsiamu. Babangu alikuwa kwenye benchi akivuta tasbihi, na midomo yake haikuwa ikienda sawa na vidole.

Daktari akarudi. "Kalsiamu ya sindano tunayo, tunaitumia kwa mambo mengine. Nitakudunga kidogo kidogo kuzunguka ncha ya kidole. Lakini sitakupa ganzi."

"Kwa nini?" babangu akauliza.

"Mzee, maumivu ndiyo yatakayoniambia nimefika au bado. Nikiyazima, nitakuwa nafanya kazi gizani."

Sindano ya kwanza niliiona ikiingia, ya pili sikuitazama. Nilikuwa nimemshika fundi mkono, na baadaye alinionyesha alama za kucha zangu. Sijui sindano zilikuwa ngapi. Najua kwamba kuna wakati nilimwambia daktari, kwa adabu kabisa, kwamba naona heri akikate, na yeye akajibu kwa adabu vilevile, "Bado kidogo tu, dada." Halafu, wakati adhana ya isha ikisikika kwa mbali, lile koleo mfupani likalegea. Halikuondoka. Lililegea tu, na nikaanza kulia, jambo ambalo sikuwa nimelifanya mpaka hapo.

Walinilaza usiku mmoja kwa ajili ya moyo. Moyo haukuwa na kitu. Kalsiamu ya damu haikuwa imeshuka. Nilichokuwa nimekiogopa zaidi hakikuwa karibu hata kidogo, daktari alisema, kwa tone dogo kama lile, lakini kidole kingeweza kwenda. Ijumaa nilitoka kwenda kwenye nikaha ya mdogo wangu nikiwa na bandeji kubwa kama kitumbua. Wiki ya tatu ukucha ukang'oka, ukaota mwingine uliopinda. Ncha ya kidole haisikii moto wala baridi.

Kazini sikurudi kwa miezi miwili. Nilikuwa nikimwambia kila mtu kwamba kidole hakijapona. Kidole kilishapona. Nilikuwa nikifika mpaka ngazi za jengo, nikisikia harufu ya sabuni ya sakafu ya maabara, narudi. Siku moja babangu aliniita dukani, akanipa kiti. Nilidhani atanikataza kazi ile, na kusema kweli nilikuwa natamani anikataze.

"Ile glavu," akasema. "Hukuipuliza kwa sababu ya haraka, au kwa sababu umeshazoea?"

Nikafikiri. "Haraka."

"Basi rudi. Ungekuwa umezoea ningekwambia uwache."

Nikarudi. Fundi alikuwa amebadilisha mambo bila kuniuliza. Glavu ni jozi mbili, moja juu ya nyingine, na anayevaa si yeye anayezikagua, mwenzake ndiye anayezikagua. Siku za harusi, misiba na safari, chupa haifunguliwi. Tyubu za jeli zimekuwa tatu, na ya tatu iko mfukoni mwa anayechovya. Siku niliposhika chupa tena, nilisoma Bismillahi kwa sauti kama zamani. Fundi alihesabu kwa sauti, moja mpaka thelathini, pole pole, kama anayemfundisha mtoto. Nilisuuza kigae, naye akanivua glavu moja moja kwa koleo.

Kigae hicho kilikaa kwenye potasi siku nzima. Saa kumi na moja mita ilitingishika, fundi akakiinua kwenye maji kabla sijamaliza kutamka jina lake. Tulikipima siku tatu. Tundu lake lilikuwa dogo kuliko yote tuliyowahi kupata. Wiki iliyofuata tukapitisha humo vinasaba tulivyonunua, na mstari ukawa unashuka na kupanda, unashuka na kupanda, kila mshuko uzi mmoja. Fundi alitoka nje kwenye varanda akakaa huko peke yake kwa muda.

Maji ya kisima tumeanza kuyajaribu mwaka huu. Ya kwanza niliyachota kwa jirani yetu, mama mmoja mjane ambaye kisima kiko ndani ya ua wake na nyumba sita zinategemea hapo mfereji ukikauka. Matokeo yalikuwa vurugu, takataka za kila aina zinaziba tundu, hatujui tunachokihesabu. Juzi nilikwenda kuchota tena, akaniuliza yale niliyokuwa nikiogopa kuulizwa.

"Haya, mwanangu. Mashine yenu yasemaje, tunywe?"

Nilisimama na ile chupa ya sampuli mkononi. Wajukuu zake walikuwa wakioga pale pale kwa kopo. Ningeweza kumwambia maneno mengi ya kupendeza juu ya kazi yetu.

"Haijajua bado, mama," nikasema. "Yachemsheni."

"Tutayachemsha," akasema, akanisaidia kuvuta kamba.